Kuacha sigara kwa utashi: kukata mara moja au bandu bandu, peke yako au na msaada?

Anayetaka kuacha sigara hujiuliza swali moja: "Je, nina utashi wa kutosha?" Nilijiuliza hivyo miaka mingi, na kila niliposhindwa nilijijibu kwamba sina. Siku hizi naona swali lenyewe lilikuwa limekaa vibaya. Mtu anayetoka nje kwenye mvua ili avute, anayeamka kabla ya wengine, anayevumilia njaa lakini havumilii kuishiwa pakiti, huyo hajapungukiwa na nia hata kidogo. Utashi anao. Ila utashi ni kama maji ya mtungi: ukiyamwaga ovyo asubuhi, jioni unabaki na kiu. Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kuacha, natumia kipimo kimoja: njia hii inakula utashi kiasi gani, na inaudai wakati gani?

Kinachodai ndani yako

Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko huamsha dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili ni zuri, lirudiwe. Kisha huanza kupungua. Katika muda wa saa 2 hivi nusu ya nikotini iliyokuwa kwenye damu huwa imekwisha, na mwili unaanza kudai. Ndiyo maana anayemaliza pakiti moja kwa siku hujikuta ameshawasha nyingine kabla saa haijaisha, wala hakumbuki aliamua lini.

Ukiacha, arosto huanza ndani ya saa chache. Kilele chake huwa siku ya 2 au ya 3, halafu hupungua kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Dalili zake zinajulikana: hasira za haraka, usingizi wa kukatikakatika, kushindwa kutulia, huzuni, njaa, akili kutokaa kwenye kazi. Wimbi moja la hamu hudumu dakika chache, mara nyingi 3 hadi 5, kisha hupita hata usipovuta. Jambo hili nililijua nikiwa nimechelewa sana. Nilikuwa naamini kwamba hamu nisipoitimiza itaendelea kupanda mpaka nipasuke.

Deni la pili ni la mazoea, na mazoea yana taabu. Nikotini yenyewe hutoka mwilini kwa siku chache. Mkono unaopapasa mfuko wa shati baada ya kula, au kila simu inapoita, huchukua miezi kusahau. Njia nzuri ya kuacha ni ile inayokuwezesha kulipa madeni haya mawili bila kufilisika.

Kukata mara moja, au bandu bandu

Hapa ndipo wengi hukwama kuchagua, na mimi pia nilianza na njia iliyoonekana ya upole. Bandu bandu huisha gogo, tunaambiwa tangu utotoni. Kwa gogo ni kweli, kwa sababu gogo halichipui usiku.

Nilikuwa na daftari dogo. Nilipanga kushuka kutoka 20 kwa siku hadi 15, hadi 10, hadi 5, na mpaka 10 nilifika bila shida kubwa. Zile 10 za kwanza kuondoka zilikuwa za ovyo, zile unazowasha kwa sababu mwenzako amewasha. Baada ya hapo mambo yakabadilika. Sigara niliyojipangia saa 4 asubuhi nilianza kuisubiri tangu saa 2. Kazi ilikuwa mbele yangu lakini macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Nilipoiwasha niliivuta kwa nguvu, moshi nikaushikilia, nikaendelea mpaka kichungi kikawa cha moto kwenye midomo. Daftari liliandika sigara moja. Mapafu yalipokea zaidi ya moja.

Hilo halikuwa langu peke yangu. Wanaopunguza idadi hufidia bila kukusudia: huvuta mara nyingi zaidi kwa kila sigara, na kwa kina zaidi, ili nikotini irudi kwenye kiwango walichokizoea. Kwa hiyo sigara 5 hazikupi robo ya sumu ya sigara 20. Kwa upande wa moyo hesabu ni mbaya zaidi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara 1 tu kwa siku bado anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Mishipa ya damu haihesabu vipisi kama tunavyohesabu sisi.

Sasa rudi kwenye mtungi. Anayeshuka hadi sigara 8 kwa siku anajikatalia mara 12 na kujikubalia mara 8, na kila moja ya hizo 20 ni mjadala unaoanza upya. "Hii ni ya leo au ya kesho? Nikivuta sasa, jioni nifanyeje?" Utashi unachotwa kutwa nzima. Tena zile 8 zinazobaki zinazidi kuwa tamu kwa sababu zimekuwa adimu. Nilipofika 4 kwa siku nilikuwa nawaza sigara kuliko nilipokuwa navuta pakiti nzima. Nilikaa hapo wiki kadhaa, halafu likatokea jambo la kunivuruga nikarudi 20 ndani ya siku mbili.

Kukata mara moja kunadai utashi mwingi zaidi, lakini kunaudai kwa mkupuo na kwa siku chache. Uamuzi ni mmoja: sivuti. Hakuna cha kuhesabu wala kujadili. Siku ya 3, mchana, nilikaa ukingoni mwa kitanda nimeshika glasi ya maji baridi kwa mikono yote miwili, kwa kuwa mikono haikujua pa kwenda. Taya zilikuwa zimekaza, mate yamejaa mdomoni. Nikautazama mshale wa saa. Dakika ya kwanza ilikuwa mbaya, ya pili mbaya zaidi, ya tatu vilevile. Katika ya nne kitu kililegea, kama homa inavyokatika kwa jasho. Sikupigana nayo. Nilikaa tu mpaka ikapita, na ilipokuja tena baada ya saa moja nilikuwa nimeshaona mara moja kwamba huwa inapita.

Utafiti unasemaje? Mwaka 2016 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika Uingereza kwa wavutaji 697. Nusu yao waliacha kwa siku moja, nusu walipunguza kwa wiki 2 kabla ya siku ya kuacha. Baada ya wiki 4, waliokuwa bado hawavuti ni asilimia 49 ya waliokata ghafla na asilimia 39 ya waliopunguza. Baada ya miezi 6 ilikuwa asilimia 22 kwa asilimia 15.5. Haki inanitaka niongeze mambo mawili. Kwanza, makundi yote mawili yalipewa plasta za nikotini, vibandiko vya ngozini vinavyotoa nikotini kidogo kidogo, na ushauri wa wauguzi, hivyo hapo hapakuwa na utashi mtupu. Pili, tathmini ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, iliyokusanya tafiti nyingi, haikuona tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kupunguza ni kujidanganya. Nilichojifunza mimi ni kwamba kupunguza bila tarehe ya mwisho ndiko kujidanganya, kwa sababu hapo unakuwa umechagua kuvuta kwa mateso.

Ukiamua bandu bandu, basi iwe na ukingo. Wiki 2 zinatosha: nusu ya idadi yako wiki ya kwanza, robo wiki ya pili, kisha sifuri kwenye tarehe uliyoiandika kabla hujaanza. Punguza kwa mahali na saa, usipunguze kwa jinsi unavyojisikia. "Sivuti ndani ya nyumba" au "sivuti kabla ya saa 4" ni sheria unayoweza kuishika. "Nitavuta nikizidiwa" ni mlango ulio wazi, maana kuzidiwa utazidiwa tu.

Jambo moja dogo ambalo lingenipunguzia mateso kama ningelijua mapema: moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kilekile cha kahawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukosa usingizi vinakujia ukidhani ni arosto. Katika wiki za mwanzo punguza kahawa hadi nusu, na chai kali vilevile.

Utashi mtupu, au utashi na dawa

Hapa nina neno zito kidogo, kwa sababu kuna kiburi kinachowarudisha watu kwenye sigara. Wanasema, "Nikitumia dawa sitakuwa nimeacha mwenyewe."

Tafiti zinaonyesha kwamba kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, watu 3 hadi 5 tu ndio huwa bado hawavuti baada ya miezi 6 hadi mwaka. Upande wa pili wa ukweli huohuo ni kwamba watu wengi walioacha sigara duniani waliacha hivyohivyo, peke yao, kwa kuwa wengi hujaribu peke yao na hujaribu tena na tena. Kauli hizi mbili hazigombani. Kila jaribio moja lina nafasi ndogo, na majaribio ni mengi. Sisi huwa tunamsikia aliyefaulu akisimulia kwamba alitupa pakiti siku moja na hakugeuka nyuma. Majaribio yake matano ya kabla ya hapo hayasimuliwi.

Plasta, chingamu na vidonge vya kumung'unya vyenye nikotini huongeza nafasi ya kufaulu kwa karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo. Plasta pamoja na chingamu hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Zipo pia dawa za kumeza: varenicline, cytisine na bupropion. Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku, na dawa hizi zimo, zikiambatana na ushauri nasaha.

Kwa kipimo changu cha mtungi, kazi ya plasta inaeleweka. Inalipa deni la mwili kidogo kidogo, ili utashi ulionao ushughulike na deni la mazoea. Haikatai sigara kwa niaba yako. Rafiki akikunyooshea pakiti, anayesema hapana ni wewe, plasta iwe begani au isiwepo. Aliyeacha akiwa na plasta ameacha mwenyewe.

Utajuaje kama unaihitaji? Jiulize: sigara ya kwanza naiwasha dakika ngapi baada ya kufungua macho? Kama ni ndani ya dakika 30, uraibu wa mwili wako ni mkubwa, na kwenda kwa utashi mtupu ni kujitwisha mzigo mara mbili bila sababu. Mimi ya kwanza niliivuta kabla sijanawa uso. Kama unaweza kukaa hadi mchana bila kukumbuka, au unavuta siku za mwisho wa wiki tu, huenda tatizo lako kubwa ni mazoea na kampani, na utashi pamoja na mpango vinaweza kukutosha.

Wengi hutumia chingamu vibaya halafu wakasema haifanyi kazi. Haitafunwi kama peremende. Unaitafuna polepole mpaka ulimi uhisi ukali, unaibana kati ya shavu na ufizi hapo itulie, ukali ukipungua unaitafuna tena kidogo. Kahawa au juisi ya machungwa dakika 15 kabla ya kuitumia huzuia nikotini isifyonzwe mdomoni. Plasta hubandikwa kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele, na kila siku hubadilishwa mahali. Ikikuletea ndoto kali, ibandue unapolala.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na mwenye kifafa waanze kwa daktari. Anayetumia insulini, theophylline au clozapine pia amwambie daktari wake kabla ya siku ya kuacha, maana sigara ikiondoka kipimo cha dawa hizo kinaweza kuhitaji kubadilishwa.

Kutangaza, au kunyamaza

Kunyamaza kuna faida moja: ukishindwa, hakuna anayejua. Na hiyohiyo ndiyo hasara yake, kwa kuwa kushindwa kunakuwa kwa bei ya chini. Kutangaza kwa kila mtu nako kunachosha, siku ya 2 unaulizwa mara 15 "vipi, bado hujavuta?" na kila swali linakukumbusha unachotaka kusahau. Mimi niliwaambia watu wawili. Mmoja asiyevuta, ambaye ningeweza kumpigia simu usiku. Wa pili ni yule niliyezoea kuvuta naye, na kwake nilikuwa na ombi moja tu: "Nikikuomba, usinipe, hata nikikasirika." Aliahidi, na siku ya 5 nilipomwomba alinitazama akarudisha pakiti mfukoni. Nilikasirika kweli. Hadi leo namshukuru.

Sigara za kielektroniki na zile "nyepesi"

Sigara zinazoitwa nyepesi si njia ya kuacha wala si salama zaidi. Mvutaji hufidia kwa kuvuta kwa nguvu. Za kielektroniki zimewasaidia baadhi ya watu kuachana na moshi, tathmini za Cochrane zinakubali hilo, lakini nikotini inabaki palepale. Anayezichanganya na sigara za kawaida hajatoka alipokuwa. Singeanza nazo wakati plasta na chingamu zipo.

Sasa, au mambo yakitulia

Wapo wanaosubiri mwezi usio na msongo. Mimi niliusubiri, haukuja. Na wapo wanaosema umri umeshakwenda. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa na mtafiti Richard Doll na wenzake tangu mwaka 1951 walionyesha, katika matokeo ya mwaka 2004, kwamba aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea kama miaka 3 ya kuishi, aliyeacha akiwa na 50 miaka 6, akiwa na 40 miaka 9, na akiwa na 30 kama miaka 10. Mwili wenyewe hausubiri: mapigo ya moyo huanza kushuka ndani ya dakika 20, na mwaka ukitimia hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo huwa imepungua kwa karibu nusu. Uzito huongezeka, ni kweli, kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Ni wa kuushughulikia baadaye, usiupe nafasi ya kukurudisha.

Ukiteleza

Kuna kuteleza na kuna kurudi. Pafu moja usiku wa siku ya 9 ni kuteleza. Kununua pakiti asubuhi yake kwa sababu "nimeshaharibu" ni kurudi, na huo uamuzi wa asubuhi ndio unaowamaliza watu. Mimi uliniangusha mara tatu. Mara ya nne niliteleza vilevile, ila nilikuwa nimeandika mapema kwenye karatasi: nikivuta moja, nazima, nampigia yule mtu, naendelea kuhesabu siku. Niliizima ikiwa nusu.

Ningekushauri hivi

Kama ya kwanza unaiwasha ndani ya dakika 30 za kuamka, kata kwa siku moja ukiwa na plasta, na chingamu ya kuzima mawimbi. Kama unavuta chache na si asubuhi, kata kwa siku moja bila dawa, ila badilisha sehemu na saa ulizozoea kuvutia. Kama moyo wako unakataa kabisa kukata ghafla, chukua zile wiki 2 zenye ukingo, ukijua kwamba katika lile jaribio la 2016 waliopendelea kupunguza walifaulu wachache kuliko wenzao hata walipopangiwa kukata ghafla, kwa hiyo msaada unauhitaji zaidi. Na kama umeshajaribu utashi mtupu mara tatu ukaanguka mara tatu, mara ya nne usiende nao peke yake.

Tarehe iwe ndani ya wiki 2 zijazo. Usiku wa kuamkia siku hiyo fua nguo unazovutia, toa vibiriti na visahani vya majivu, kagua mifuko ya makoti yote. Sigara zilizobaki zivunje na kuzilowesha maji kabla ya kuzitupa, kwa sababu sigara kavu kwenye ndoo ya taka bado ni sigara, na saa 8 usiku utakumbuka iko wapi. Asubuhi oga kwanza, bandika plasta, kisha kaa kwenye kiti ambacho hujawahi kuvutia, glasi ya maji ikiwa karibu na saa ikiwa mahali unapoiona.